Kishungi cha Mkate

Giostra, Messina
Tarehe 10 Juni

Dada yangu mpendwa Mimma,

Pokea salamu za mdogo wako Placido, anayekuandikia asubuhi hii kwenye meza ile ile ya jikoni unayoijua, yenye mguu mmoja mfupi. Nakuombea uwe mzima. Habari za magoti? Siku ya Pasaka uliniambia kwenye simu kwamba ngazi za nyumba yako zimeanza kukushinda, na kwamba daktari wenu wa Bergamo kakuandikia dawa ya kupaka inayonuka kama zizi. Je, imesaidia? Na shemeji Battista hajambo? Msalimie sana. Mwambie kisu alichoninolea mwaka ule bado kinakata mkate.

Mimi sijambo, ukiacha mambo ya umri. Presha imetulia, miguu inafika nikiituma. Nilipata telegramu yako siku ya maziko na nikaiweka mfukoni mwa koti, mfuko wa ndani. Nilipaswa kujibu siku ile ile. Nimekaa nayo wiki tatu, na sababu utaiona mbele, ukiwa na subira na mwandiko wangu. Unajua shule yangu iliishia darasa la nane, na baada ya hapo mikono yangu ilizoea zaidi minyororo ya kufungia mabehewa ndani ya feri kuliko kalamu.

Tindara alifariki Jumanne tarehe 20 Mei, saa nne asubuhi. Dirisha lilikuwa wazi. Chini barabarani Nunzio wa mkahawa alikuwa akikwangua granita, barafu yake tamu ya kahawa, kwa kijiko chake kirefu cha chuma, ile sauti ya barafu na bati, na niliona Tindara akigeuza kichwa kidogo kuelekea dirishani. Kisha hakukigeuza tena. Nakueleza hili kwa sababu ndilo ninaloliona kila nikifumba macho, na ni dogo mno kumwambia padri.

Wewe ulimjua wifi yako alivyokuwa na ulimi. Watu humsamehe marehemu mambo mengi, lakini ulimi wa Tindara hausameheki haraka hivyo, na mwenyewe hakuomba usamehewe. Alidharau vingi, ila kilichompa raha kuliko vyote ni kudharau vifungua kinywa vya watu. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake nje ya mkahawa wa Nunzio, mbele yake bilauri ya granita ya kahawa yenye krimu juu na brioshi ya moto, ule mkate laini wa mayai na siagi, pembeni, anakata kwanza kishungi cha brioshi, kile kichwa kidogo cha juu, kama inavyotakiwa, anakichovya, anakila, halafu ndiyo anaanza kuhukumu. Mwalimu wa ghorofa ya pili aliyekula mtindi na mbegu alimwita kasuku, mbele yake. Watalii walioagiza mayai ya kukaanga pamoja na kahawa ya maziwa aliwaangalia kwa huruma, akasema wanakula kama watu wanaokwenda kunyongwa. Binamu yake mwenyewe, Ninfa, ambaye kwa ajili ya ugonjwa wa sukari hula vipande viwili vya mkate mkavu na jemu ya kupaka kwa ncha ya kisu, alimwambia kwamba hata panya wa bandarini wangemwachia.

Na shemeji Battista, Mungu anisamehe kuandika, hakupona. Alipokuja kwetu mara ya kwanza, mkiwa wachumba, akaulizwa kwao wanakula nini asubuhi, naye kwa moyo mweupe akasema: ugali wa jana wa mahindi ya njano, uliokatwa vipande, na maziwa baridi juu yake. Tindara aliweka kijiko chini. Hakucheka. Akamuuliza ng'ombe wenyewe hubaki na nini. Nakumbuka wewe ulicheka mpaka ukapaliwa, na Battista naye akacheka, na baba akapiga meza. Ilikuwa asubuhi nzuri. Nimeihifadhi.

Sasa mke wangu huyo, aliyewahukumu wote, alipokufa, ndipo hao wote wakawa na zamu ya kumletea chakula. Unajua desturi yetu na haijabadilika: siku tatu jiko la nyumba yenye msiba haliwashwi, hata kwa kahawa, kwani moto huo huita maiti wa pili, na chakula cha matanga kinatoka nje, kila nyumba kwa zamu yake, na kila mtu anajua nani kaleta nini, na analisema mpaka Krismasi.

Asubuhi ya kwanza alikuja jirani wa mlango wa mbele, Bi Santina, na chupa ya chai iliyojaa kahawa na mfuko wa biskuti ngumu za ufuta. Kahawa ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Biskuti zilikuwa za tangu sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba. Niliivunja moja kwa goti. Bi Santina aliniangalia nikitafuna, akasema nisijali, zikiloweshwa zinalainika, na nikafikiri kwamba hata marehemu akiloweshwa hivyo angelainika. Ni sauti ya Tindara hiyo, dada. Tangu aondoke inasemea kichwani mwangu, na sijui kuinyamazisha, na kusema kweli sitaki.

Asubuhi ya pili alikuja Ninfa. Alileta mikate iliyopindwa kama mwezi mchanga, iliyofungwa mmoja mmoja kwenye plastiki, ya dukani, isiyo na sukari, yenye maandishi kwamba itadumu mpaka Oktoba. Kumi na miwili. Akaipanga kwenye sinia la fedha la bibi yao ili ionekane ya maana. Wanawake waliokuja kuketi nami walishika kila mmoja mkate wake, wakauchana kwa meno, na chumba kizima kikajaa sauti ya plastiki, huku rozari ikisomwa. Ninfa akasema kwamba Tindara angeupenda mkate ule, kwa sababu ni safi. Mimi nilimkumbuka Tindara aliyekaa miaka arobaini na mmoja pale chini akikata kishungi cha moto, na nikamdharau Ninfa kwa moyo wangu wote. Nikala miwili.

Asubuhi ya tatu, tulikuwa watu saba au wanane chumbani, akapanda Nunzio mwenyewe na aproni yake, jasho linamtoka kwa ngazi. Mikononi ana sinia kubwa lililofunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Alipokifunua, zilikuwa bilauri nane za granita ya kahawa, krimu imesimama juu bila kuyeyuka, na brioshi zimetoka tanurini saa hiyo, vishungi vyake vimeng'aa kama vichwa vya watoto waliotoka kuoshwa. Hata rozari ilisimama. Hicho ndicho kifungua kinywa ambacho Tindara angekipokea bila kusema kitu, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote.

Ninfa aliuliza nani kaleta, kwani bila jina sinia haliliki. Nunzio akasema kwamba kuna mwanamke kapiga simu kutoka mbali na hakutaka atajwe. Ila ametoa agizo moja, kwamba vishungi vyote ni vya Placido.

Dada, nilijua kabla hajamaliza. Nani mwingine duniani angesema hivyo? Jumapili baba alipotununulia brioshi moja sisi wawili, ulikuwa ukiniachia kishungi kila mara, ukisema wewe hukipendi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini nilipogundua kwamba hakuna mtu asiyependa kishungi.

Nilikichukua cha kwanza, nikakichovya, nikakitia mdomoni. Na Ninfa, akiwa amekwisha kujipatia bilauri yake, sukari au si sukari, akasema: "Angalau si yule wa Bergamo. Yule angetuletea ugali." Wakacheka kwa sauti ya msibani, ile ya puani. Bi Santina akaongeza kwamba yule wa Bergamo hana uso wa kuleta chochote katika nyumba ya maiti, yule aliyewasha jiko mama yake mwenyewe akiwa bado hajatolewa ndani, akapika kahawa kama yuko hotelini, na miezi minne baadaye akamwita na baba yake kaburini. Na wote wakatikisa kichwa, kama wanavyokitikisa miaka kumi na tisa sasa, vijiko vyao vimejaa granita yako.

Mimi nilikuwa na kishungi chako mdomoni. Nikakimeza. Nikachukua cha pili.

Hii ndiyo sababu sikuandika wiki tatu. Sikupata namna ya kumwandikia mtu barua ya shukrani kwa mkono uleule uliochukua kishungi cha pili.

Wewe na mimi tunajua nani aliwasha jiko. Ninajua unajua. Lakini sijawahi kulisema kwa kinywa wala kuliandika, kwa hiyo nivumilie, nataka liwe kwenye karatasi kwa mwandiko wangu, ili likihitajika mtu alione.

Mama alikuwa amelazwa chumba cha pili. Wewe ulikuwa umefika jana yake kwa treni, umesinzia kando ya jeneza na viatu miguuni. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, saa yangu ya zamu. Miaka yote ile, hata baada ya kuoa, nilikuwa nikipanda kwa mama ghorofa ya tatu kunywa kahawa yake kabla ya kwenda ferini, kwa sababu Tindara hakuamka kabla ya jua. Siku ile miguu ilinipandisha yenyewe. Jiko lilikuwa pale, birika lilikuwa pale, juu ya waya lilipokaushwa na mama mwenyewe. Sikufikiri. Sikuwahi kupika kahawa maishani. Nilijaza unga wa kahawa kwenye chujio lake mpaka juu, nikaushindilia kwa kidole gumba kama ninavyoshindilia grisi kwenye fundo la behewa, nikawasha, nikasimama nikiangalia kiti chake. Nilisahau kwamba kuna kitu motoni. Wewe ulisikia harufu. Uliingia, ukaliondoa birika motoni, hukuniuliza kitu. Ukaimimina kidogo kwako na kidogo kwangu, tukainywa tumesimama. Ilikuwa chungu mpaka masikioni. Ukaniambia: "Kunywa, Placido. Mama hawezi kukasirika leo."

Kisha tukasikia nyayo za wanawake kwenye ngazi na chupa zao. Ukaichukua kahawa yangu kutoka mkononi mwangu. Mlango ulipofunguka, ulikuwa na kikombe huku, kikombe kule, na birika la moto mbele yako, na mimi nilikuwa mtu aliyesimama karibu na dirisha.

Tindara hakupaza sauti. Alichovya kidole kwenye kikombe, akakilamba, ili apate la kudharau zaidi, akasema mbele ya Bi Santina na Ninfa na wote: "Wifi, kumbe huko kwenu mnapikiana kahawa juu ya maiti? Na yenyewe inanuka kamba iliyoungua." Akaimwaga kwenye sinki. Wakakuangalia kama mtu anavyoangalia mbwa aliyeingia kanisani. Na wewe uliniangalia mimi. Ulingoja. Ilikuwa muda wa kutosha kusema neno moja, nami nikaangalia viatu vyangu, ambavyo nakumbuka vilikuwa na matope ya bandarini kwenye kisigino cha kushoto.

Baba alipokufa Septemba, na watu wakasema umemwita wewe kwa moto ule, nani alikupigia simu kukwambia ni bora usije, wanawake wamekasirika, tutakuambia kaburi liko wapi? Mimi. Ulisema sawa. Ulisema nikuwekee ua moja. Sikulisahau ua, nililiweka. Nilijisifia nafsini kwamba nimeliweka.

Watu huniita mpole, dada. Kwenye feri waliniita Placido Kondoo. Sasa nakuambia upole ule ulikuwa nini. Nimeishi na mwanamke aliyedharau kila mtu hadharani kwa vitu vidogo, mtindi, mayai, mkate mkavu, nami nikajiona mwema kuliko yeye kwa sababu mimi sikumsema mtu. Na huku mimi ndiye niliyekula kwa dharau yake, kila siku, na kushiba.

Sasa nikufikishe kwa lile usilolijua.

Baada ya Pasaka Tindara hakuweza kushuka tena. Koo lilimuuma, granita ikawa haimeziki, akataka kitu cha moto. Kila asubuhi Bi Santina alivuka na kahawa. Asubuhi moja Bi Santina alikuwa amekwenda kwa binti yake Milazzo, na Tindara akasema anataka kahawa, hivyo hivyo, kama mtoto. Nikaenda jikoni. Nikajaza, nikashindilia kwa kidole gumba, sijui namna nyingine. Wakati ule jirani wa juu akapiga hodi kuuliza hali ya mgonjwa, nikaenda mlangoni, birika likabaki motoni. Nikamletea hivyo hivyo, na sukari nyingi ya kuificha.

Alikunywa mara moja. Akaishikilia mdomoni. Akameza. Kisha akaniangalia, dada, muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia, na mimi nilifikiri ni maumivu. Akasema polepole, "Kamba iliyoungua."

Sikuhitaji kusema kitu. Wala sikusema, kama kawaida yangu. Akaniwekea kikombe mkononi akasema maneno ambayo nitayachukua mpaka kaburini mwangu: "Miaka kumi na tisa nimemdharau asiyestahili, na nimelala na anayestahili."

Siku mbili hakunisemesha. Aliongea na Bi Santina, aliongea na daktari, na picha ya Bikira iliyo juu ya kitanda, mimi nilikuwa kabati. Siku ya tatu akaniita akaniketisha. Hakulia. Alisema kwamba yeye alijua ana ulimi mbaya, ila siku zote alijivunia kwamba hajamsingizia mtu. Aliowasema, aliwasema kwa walichokula kweli. Na sasa kumbe alimsingizia mmoja, aliye bora kuliko wote, na mimi nilimwacha afanye hivyo kila Pasaka na kila Krismasi. Alitaka akuandikie mwenyewe. Mkono haukushika kalamu. Akaniambia nikuandikie na niwaambie wote, kwa kinywa, mbele ya Ninfa, mbele ya Santina. Akasema: "Usipowaambia, usinijie na maua. Nitayatupa."

Nikaahidi. Na asubuhi ya tatu ya matanga nikapewa nafasi kama ile ya kwanza, watu wale wale, maneno yale yale, hata harufu ya kahawa, na nikala vishungi viwili. Sasa unaelewa kwa nini kalamu ilikuwa nzito. Sikuwa nimekwenda kaburini hata siku moja. Watu walidhani ni uchungu.

Nikalisema siku ya nane, baada ya misa. Walikuwa wamekaa kwa Nunzio, Ninfa na Bi Santina na wengine, kwenye meza yake Tindara, kiti chake wamekiacha wazi na kuweka mkoba juu. Nilisimama nikawaambia kwamba sinia lile lilitoka kwa Mimma, na kwamba aliyewasha jiko siku ya mama ni mimi. Nililisema haraka, kama mtu anayevuka barabara.

Hawakuniamini. Hilo sikulitegemea. Ninfa alinishika mkono akaniambia kwa huruma: "Placido, wewe hata kibiriti hujui kukishika upande gani." Bi Santina akasema uchungu humfanya mtu ajitwike dhambi za wenziwe, na kwamba nina moyo wa dhahabu kumtetea dada asiye na shukrani. Wakaniagizia granita. Fikiria: nimekiri, na wameniagizia granita.

Basi nikawapandisha ngazi wote, Nunzio pia, aliyeacha mkahawa kwa mkewe. Bi Santina alipumzika mara mbili njiani. Nikawaweka hapa jikoni. Nikalichukua birika la mama, ambalo Tindara alikataa kulitupa kwa sababu lilikuwa la chuma kizuri. Nikajaza, nikashindilia kwa kidole gumba mbele ya macho yao, nikawasha, nikakaa nikikiangalia kiti kama siku ile. Lilipoanza kunguruma Ninfa akanyoosha mkono aliondoe, nikamzuia. Harufu ikatoka, ikafika kwenye mapazia. Nikawamiminia kidogo kidogo.

Bi Santina hakunywa. Aliinusa tu. Aliweka kikombe mezani akakaa kwenye kiti cha karibu, akasema, "Mungu wangu, ndiyo hii." Maana alikuwepo siku ile, na nyumba ilinuka mpaka maziko. Ninfa akanywa, kwa sababu yeye haamini mpaka aumie, na akatema kwenye sinki, kama Tindara alivyoimwaga ile ya kwanza. Kisha akanigeukia. Sitaandika yote aliyosema. La mwisho lilikuwa kwamba marehemu binamu yake aliwahi kumtajia panya wa bandarini, na leo ameona panya mwenyewe. Nikamwambia ni kweli. Ninfa ana haki, na ni aibu kubwa kwa mtu kama mimi kukuta kwamba mwenye haki ni yule wa mikate ya plastiki.

Alasiri ile nilikwenda kaburini na maua. Hayakutupwa. Nilikaa mpaka walinzi wakagonga kengele.

Tangu hapo sijapata sinia la mtu. Bi Santina ananisalimu kwa kidevu. Kwenye ngazi mwalimu wa mtindi, hata yeye, ananipisha kama mtu aliyebeba taka. Silalamikii hilo, ni la kwangu, nililiacha kwako miaka yote, sasa limerudi kwa mwenyewe, na nashangaa jinsi lilivyo zito na wewe ulilibeba bila kuugua. Nashuka kila asubuhi kwa Nunzio kama zamani. Ananihudumia. Hazungumzi. Anaweka bilauri ya granita, krimu nusu ya ilivyokuwa, na brioshi pembeni. Na brioshi haina kishungi. Imekatwa safi kwa kisu, juu bapa kama kofia ya mlinzi wa stesheni.

Siku ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Siku ya pili nikamuuliza, kwa upole wangu ule. Akafuta kaunta kwanza, pande zote mbili, akanijibu bila kuniangalia: "Kishungi ni cha dada yako. Akija, akitaka, atakupa mwenyewe."

Kwa hiyo, dada, misa ya siku ya thelathini ya Tindara ni tarehe 19, saa moja asubuhi, kanisa letu lile lile. Siombi unisamehe kwa barua. Nimekwisha kuona ninavyotumia ukimya wa watu. Naomba uje, kama magoti yanaruhusu. Ninfa amesema atakupokea stesheni yeye mwenyewe, na kwamba mimi nibebe mizigo na nisifungue mdomo. Bi Santina amekwisha kununua biskuti mpya. Shemeji Battista aje pia, na kama atataka ugali na maziwa baridi, nitaukoroga mimi, na yeyote atakayecheka mezani atakuwa ananicheka mimi.

Msalimie sana. Wasalimie majirani wenu wa chini walionipa chupa ya mvinyo mwaka ule. Jitunze kwenye ngazi, shika reli. Nimekuwekea kiti cha Tindara, mkoba nimeutoa.

Ni mimi mdogo wako, aliyewasha jiko,

Placido